Mkomamanga Kwenye Udongo wa Wakwe

Kwangu maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi ovyo. Mke wangu anajua, watoto wanajua, hata mgeni akilala siku mbili anajua. Yanakaa kwenye beseni pembeni ya jiko mpaka yapoe na mafuta ya mawese yapande juu. Nayaondoa mafuta kwa kijiko, halafu nabeba beseni mwenyewe mpaka kwenye uzio wa upande wa barabara, kwenye mkomamanga wangu. Nikifika nainama, na siku hizi nikiinama siinuki upesi. Mgongo umechoka. Kiangazi cha Kasongo kimenikuta mara nyingi na kila kikirudi kinanikuta na nguvu pungufu.

Mtu asiyenijua anaweza kudhani nilizaliwa ndani ya hii nyumba ya matofali ya kuchoma. Hapana. Nilizaliwa upande wa Wamaza, huko Kabambare, kwetu Wabangubangu, kwenye nyumba ya majani, na shule niliiacha ningali nahesabu kwa vidole. Kilichonisomesha ni baiskeli, ambayo sisi huku tunaiita kinga. Nilisukuma mchele na mawese kutoka Kasongo mpaka Salamabila, kwa wachimba dhahabu. Ninasema nilisukuma, sikupanda. Mzigo ukiwa mzigo, kinga haipandwi. Unatembea ubavuni mwake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti, kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Wengine tulioanza nao walirudi kijijini kulima. Wengine waliingia mashimoni wakatoka na kikohozi. Mimi nilitoka na duka. Baada ya duka ikaja pikipiki, na baada ya pikipiki nikaweka tole juu ya nyumba, mabati mapya yanayong'aa mpaka mtu anayepita anafunika macho. Misumari niligonga mwenyewe. Fundi nilimwita baadaye, aje aangalie kama kuna kosa. Hakuliona.

Nyumba hiyo ni yangu, ila udongo uliobeba nyumba si wangu, na kila kitu ninachoandika hapa kinatoka hapo.

Nilioa Kasongo, kwa Wazimba walioishi hapa tangu wazee wa wazee wao, watu wa kulima na kanisa. Nilipooa sikuwa na kitu. Baba mkwe alinionyesha kipande mwishoni mwa shamba lake, karibu na barabara, akasema nijenge. Alikuwa mzee wa maneno machache. Alisimama pale kwenye majani, akapiga fimbo chini, akaniambia:

"Hapa utajenga. Utalima muhogo, utalima mahindi, utaweka ndizi kama unapenda. Lakini muti ya matunda, ya kukaa miaka na miaka, hiyo usipande. Umenisikia, mukwe?"

"Nimesikia, baba."

Kila mtu huku angeelewa. Muhogo unang'olewa, unaliwa, unaisha. Mgomba unazaa mara moja unakatwa. Lakini mwembe, mchungwa, mparachichi, huo ukisimama unasimama na mtu wake. Miaka ikipita watu hawaulizi tena shamba ni la nani, wanauliza nani alipanda huo mti. Kwa hiyo mgeni aliyepewa mahali pa kujenga akianza kupanda miti ya matunda, wenye udongo wanajua anataka nini, hata kama hajasema neno. Wanaweza kumwambia afungue tole zake, azibebe, aondoke. Nimeona mtu mmoja akifanyiwa hivyo, kwa sababu ya michungwa. Nyumba ilibaki kuta, mbuzi wakalala ndani.

Mimi sikupanda kitu. Miaka mingi lupango wangu, yaani kiwanja changu, ulikuwa mweupe, umefagiliwa, na muhogo nyuma. Watu waliona nyumba kubwa namna ile bila hata mpapai wakanicheka. Niliwaacha wacheke.

Mkomamanga niliupata njiani. Ilikuwa kiangazi kikali, nyasi zimekuwa rangi ya kinga iliyoota kutu. Nilipita Wamaza nikirudi Kasongo na mzigo wa mchele na mawese niliyonunua huko, nikapumzika kwa mama mmoja mzee Mwislamu aliyekuwa anauza chai pembeni ya njia. Kwake kila kitu kilikuwa kimekauka, hata mipapai ilikuwa imeangusha majani. Mbele ya mlango tu kulikuwa na kichaka chenye miiba, kinanifika kifuani, kijani kabisa, na ndani yake matunda mekundu yenye taji kichwani. Nikamuuliza anakinyweshea maji ya wapi, maana kisima nilikipita mbali.

"Maji?" akacheka. "Mutoto wangu, miye mwenyewe sina maji ya kunawa muguu. Hii inakunywaka ile tunatupa."

Akanikatia matawi matatu, unene wa kidole, akayachomeka kwenye kipande cha mgomba mbichi ili yasikauke, akakifunga kwa kamba nyuma ya kinga yangu juu ya madumu ya mawese. Nilitembea nayo mpaka Kasongo. Mvua ya mwanzo wa msimu ilinikuta njiani, nikatoa turubai kwenye mchele nikafunika yale matawi. Mpaka leo sijui kwa nini. Mchele ulilowa, matawi yalifika.

Nilipofika nilifikiri sana. Baba mkwe alisema mti. Hiki nilichokuwa nacho ni kichaka, kina miiba, shina lake si moja, yanatoka chini mengi kama majani ya mchaichai. Na uzio hakuna aliyenikataza. Kila lupango huku una uzio wa miti inayoota. Upande wa barabara mbuzi walikuwa wanaingia kwangu kila asubuhi. Basi nikayapanda pale, kwenye pengo la uzio, matawi yote matatu. Mawili yaliliwa na mchwa. Moja likashika.

Mke wangu alisimama mlangoni ananiangalia. "Hiyo ni nini?"

"Uzio."

"Uzio yenye kuzaa?"

"Uzio yenye miiba."

Yeye ni mtoto wa mwenye udongo, alijua kuliko mimi. Aliingia ndani na kufunga mlango polepole, na mimi namfahamu, mlango wake ukifungwa polepole kuna kitu.

Kukiotesha kile kichaka nilijifunza peke yangu, na nitasema bila haya kwamba Kasongo nzima hakuna anayekijua kama mimi. Mwaka wa kwanza nilikimwagia maji kila siku kama mtu anayelea mapacha. Kikatoa majani, majani, majani. Nikaongeza maji, kikaongeza majani. Nikakumbuka yule mama wa chai. Nikaacha. Nikawa nakipa beseni moja, nakiacha mpaka udongo upasuke, ndipo nakipa tena. Machipukizi yanayotoka chini niliyakata yote, nikaacha mashina manne tu ya kubeba kazi. Majivu ya jikoni niliyazungushia chini, mchwa wakahama. Nilipoona hakikufa, niliendelea hivyo hivyo, kiangazi baada ya kiangazi. Mahindi ya jirani yanakauka, mboga za mke wangu zinalala chini, chenyewe kinasimama tu kama askari wa zamu.

Halafu kikatoa maua. Mekundu sana, magumu, kama yametengenezwa kwa ngozi. Mpita njia yeyote aliyaona. Nyuki walikuja. Maua ya kwanza yalianguka yote, na kusema kweli nilishukuru yalipoanguka, kwa maana baba mkwe alikuwa ameshafariki na lupango sasa ulikuwa mikononi mwa watoto wake wa kiume. Mkubwa wao ni mtu wa hapa hapa Kasongo, mkulima wa mpunga, mtu wa kukaa kwenye kiti cha mianzi na kuangalia barabara. Mdogo wao anachimba dhahabu huko Lusangi, anarudi mara moja moja na miwani nyeusi.

Maua ya pili hayakuanguka. Yalifunga. Tunda likawa kama kifundo cha kidole, kisha kama yai, kisha likaanza kuwa jekundu upande wa jua. Moja likabaki kubwa kuliko yote. Na maneno yakaanza. Niliyasikia dukani kwangu, watu wakinunua sabuni yangu huku wananisema mbele yangu. Mgeni amepanda mti. Mubangubangu wa Wamaza anataka udongo wa Wazimba. Mdogo alisikia Lusangi, akatuma neno kwamba akirudi atakuja kuangalia huo uzio unaozaa. Tena watu walisema anaye mtu wa kununua lupango, mfanyabiashara wa dhahabu, na anatafuta tu njia ya kunitoa.

Basi nilikuwa nakaa jioni kwenye kibaraza nikiangalia tole zangu. Miaka yote ile ya kusukuma iko juu pale. Na kilichoweza kunishusha kilikuwa kichaka kisichonifika kichwani.

Nilichukua panga. Ukweli nilichukua panga na kwenda pale. Mke wangu akaniita kutoka jikoni.

"Unaenda kukata?"

"Nikate, yaishe."

"Ukikata sasa watasema uliiba ukaogopa. Weka panga." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Tunda ya kwanza inapelekwaka kwa mwenye udongo. Yaya, kaka yangu mukubwa, akikula, amekubali. Akikataa, hapo utakata, na hakuna mutu atacheka. Usijifanye haujui."

Nilijua. Sikutaka tu kwenda. Mimi si mtu wa kubeba sahani kwenda kwa mtu.

Lakini nilibeba. Lile kubwa lilipoiva nililikata na kikonyo chake na jani lake, mke wangu akaliweka kwenye sahani ya udongo akafunika na kitambaa cheupe. Nikavaa shati la kanisa. Nilipita barabarani na sahani ile mbele ya duka langu mwenyewe, mbele ya wateja wangu, na hakuna aliyenisalimu kwa sauti ya kawaida.

Shemeji mkubwa alikuwa kwenye kiti chake. Alinionyesha kigoda kifupi. Mtu wa mwili kama wangu akikaa kwenye kigoda kile magoti yanafika masikioni.

"Karibu, shemeji. Umekuja na sahani. Kumbe leo unanilisha?"

"Nimekuja na tunda ya kwanza, yaya."

"Tunda ya nini?"

"Komamanga."

"Ile ya mu lupango?"

"Ile ya kwenye uzio."

"Na uzio iko mu lupango ya nani?"

Mke wake aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, alisimamisha mchi, asikie vizuri.

"Ya baba," nikasema.

"Aha." Akainua kitambaa kwa ncha ya kidole, akaangalia, akashusha. "Iko muzuri. Iko na kofia kama shefu wa kijiji. Weka pale." Alinionyesha ukingo wa ukuta wa kibaraza, mahali wanapoweka taa.

Nikaweka. Nikarudi kwenye kigoda. Nikasubiri achukue kisu. Akaniuliza habari za bei ya mchele Salamabila. Akaniuliza habari za mgongo wangu. Mke wake akarudia kutwanga. Jua likasogea, nikasimama, nikaaga. Tunda lilikuwa bado pale kwenye ukingo, limevaa kofia yake.

Nilipofika nyumbani mke wangu alinitazama tu usoni, akaenda kupika bugali.

Tatizo la komamanga ni ganda lake. Lingekuwa papai lingeoza kwa wiki, wangelitupa, na mambo yangeisha upande mmoja au mwingine. Komamanga halina haraka. Linakauka nje, linakuwa gumu kama kibuyu, ndani linabaki vile vile. Wiki ikapita, mke wangu akaenda kwa kaka yake kuomba moto, akarudi: liko pale. Wiki nyingine, akaenda kuazima ungo: liko pale. Mtaa mzima ukaanza kupita pale. Kuna waliosema amekataa, kuna waliosema anangoja mdogo wake. Mtu mmoja alikuja dukani kwangu kuchukua chumvi akaniambia, "Boss, nimepita kwa shemeji yako, tunda yako inakusalimia." Nilimpa chumvi yake. Zamani ningemfukuza dukani. Sikuwa na nguvu.

Usingizi ulinikataa. Nilikuwa nalala naamka nahesabu nani angenipokea. Huko Wamaza ndugu zangu wamenizoea kwa mbali. Na kufungua tole si kama kufungua kitasa, bati ukiling'oa msumari linabaki na matundu, halirudi kuwa bati la zamani.

Halafu siku moja, mchana kweupe, shemeji mkubwa alikuja mwenyewe. Hakupitia mlangoni. Alisimama barabarani upande wa pili wa uzio, akazunguka kichaka kama mtu anayenunua mbuzi, akagusa mwiba, akanyonya kidole.

"Shemeji," akaniita. "Kuja hapa. Bibi yako abakie ndani."

Mke wangu alibaki ndani, karibu kabisa na dirisha.

"Sikiliza," akasema. "Nikikula tunda yako, nimekubali muti yako. Kesho mudogo wangu anafika anasema yaya amekula udongo ya baba. Sindiyo? Nikikataa, unakata muti, na dada yangu ataninunia mupaka siku ya kunizika. Sasa miye nifanye nini? Ile tunda nimeiangalia, nimeiangalia. Kila asubuhi nikiamuka inaniangalia. Nilikuwa namuomba Mungu ioze."

"Haiozaka upesi, yaya."

"Nimeona!" Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Kata tawi, unipatie. Miye nitapanda kwangu, mbele ya mulango, batu baone. Na siku ya kuulizwa, utasema miye mwenyewe njo nilikupatia hii muti. Muti yenye mwenye udongo amekupatia, hiyo haiko muti ya kudai udongo. Iko zawadi. Mudogo wangu atafunga kinywa."

"Lakini miye njo niliitoa Wamaza. Na kinga. Mu mvua."

"Ninajua."

"Batu banajua."

"Batu banasahauka, shemeji. Uwasaidie kusahau." Akasafisha kidole chake kwenye suruali. "Fikiri. Miye sikulazimishi."

Akaondoka. Nikabaki nimesimama pale. Watu wasionijua watasema ni jambo dogo. Neno moja tu, nilipewa. Lakini mimi kila mahali nilipokaa, kwenye harusi, kwenye kilio, mbele ya duka, neno langu ni moja: hakuna aliyenipa. Baba hakuniachia, serikali haikunipa, kanisa halikunipa, ndugu hawakunipa. Hata pale nilipopewa mahali pa kujenga, nilizoea kusema nilipewa majani, nyumba nilijipa. Hilo ndilo lililonisimamisha kwenye milima ya Salamabila nikiwa na homa. Ukinitoa hilo nabaki na mgongo mbovu na duka la sabuni.

Nilizunguka nalo siku kadhaa. Sikula vizuri. Mke wangu alivumilia, halafu akachoka.

"Unaogopa nini?"

"Siogopi. Nasikia haya. Nitasema uongo mbele ya watu wote, na uongo wenyewe wa kunipunguza."

"Sawa. Hii sifa yako," akasema, na hakuwa amekasirika, alikuwa anachambua mchele, "mvua ikianza, tutaingia ndani yake sisi wote? Itatutosha na batoto?"

Nikaenda kukata tawi. Nilichagua zuri, lenye unene wa kidole, mti uliokomaa wa mwaka jana, maana tawi changa halishiki. Nikachonga chini mshazari. Nikalichomeka kwenye kipande cha mgomba. Nikampelekea. Alilipanda mbele ya mlango wake siku ile ile, akalizungushia mawe, akaita jirani aone. Tunda lililokuwa kwenye ukingo sikuliona tena. Mke wake baadaye aliniletea maganda yaliyokaushwa, akasema tuyachemshe mtu akiumwa tumbo. Sikuuliza nani alikula.

Mdogo alifika kutoka Lusangi baada ya muda, na pikipiki ya kukodi na miwani yake. Jamaa wakaitwa. Tulikaa kwenye lupango wangu, chini ya turubai langu, kwenye viti vyangu vya plastiki, nikawapa bugali na samaki, na walichokuwa wanajadili ni kama nitabaki au nitaondoka. Mdogo alianza. Alisema baba aliacha neno, mgeni asipande mti wa matunda. Alisema neno limevunjwa, kila mtu ana macho. Alisema kuna mtu yuko tayari kuchukua kipande hiki na fidia ya kuta nitapewa, watu wasiseme wao ni wanyama. Aliongea vizuri. Wazee wawili watatu waliitika kwa kichwa. Mke wangu alikaa nyuma na wanawake, kichwa chini, na vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la kitenge.

Shemeji mkubwa aligeukia kwangu polepole, kama mtu ambaye hajui jibu.

"Shemeji. Mbele ya jamaa. Hii muti, nani alikupatia?"

Pikipiki moja ilipita barabarani, nikaingoja ipite. Niliona wateja wangu wamesimama nje ya uzio, wamejishika kiunoni, wanasikiliza. Mmoja wao alikuwa ananijua tangu wakati wa kinga, tulitembea naye Wamaza. Yale matawi aliyaona nyuma ya mzigo wangu. Alinitazama na mimi nikamtazama.

"Weye," nikamwambia shemeji. "Weye njo ulinipatia tawi. Ulisema niweke kwenye uzio, mbuzi basiingie."

"Sauti," akasema mzee mmoja. "Hatukusikia huku."

Nikarudia. Kwa sauti ya dukani.

Mdogo akavua miwani. "Weye?" akaniambia. "Weye mwenye unasemaka hata meno ulijiotesha mwenyewe? Leo ulipewa?"

Turubai lote likacheka. Wazee walicheka, wanawake walicheka, watu wa nje ya uzio walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka. Nilicheka sana, mbavu ziliniuma, na nilipoangalia nyuma mke wangu peke yake hakuwa anacheka. Alikuwa ameinua kichwa, ananiangalia.

"Nilipewa," nikasema tena. "Na namushukuru."

"Basi," shemeji mkubwa akasema. "Muti yangu iko mu lupango ya baba yangu. Mashitaki iko wapi?" Akasimama akaenda kwenye uzio kama mwenye mali, akachuma makomamanga yote yaliyoiva, akayapasua kwa mikono akagawia wazee. Walikula wakitema mbegu kwenye uwanja niliokuwa nimefagia asubuhi. Mdogo alikula pia. Alisema ni tamu lakini ina kazi nyingi. Kesho yake alirudi Lusangi.

Hivyo nyumba iko. Tole ziko. Nalala, si vibaya.

Tawi la shemeji lilishika, nalo limekuwa kichaka kikubwa kuliko changu, majani matupu. Analimwagia ndoo asubuhi na ndoo jioni, na mke wake anaongeza. Halijafunga tunda hata moja. Ningeweza kumwambia. Mara ya kwanza nilipofungua kinywa kumwambia, alinikatisha, akasema muti yake anaijua. Kwa hiyo akitaka makomamanga anakuja kwangu. Hapigi hodi, na kwa nini apige? Jumapili baada ya misa anakuja na wageni wake, watu wa parokia nyingine, watu wa kutoka Kabambare, anawasimamisha pale kwenye uzio na kuwaonyesha, na kila kazi ninayoifanya pale anaiona.

Jumapili iliyopita alikuja na mmoja, mwalimu mstaafu, mtu mwenye kalamu mfukoni. Nilikuwa chini nakata machipukizi, kisu mkononi, mgongo umeshakataa kuinuka.

"Hii muti nilimupatia mume wa dada yetu," shemeji alimweleza. "Alikuwa hajui kitu. Nilimufundisha: kiangazi, maji kidogo tu. Machipukizi ya chini, unakata. Majivu kwa ajili ya mchwa. Sindiyo, shemeji?"

Mwalimu akaniinamia na uso wa kuuliza. "Alikufundisha muzuri, eh?"

"Alinifundisha," nikasema.

Nikashika shina moja nikajiinua, na nikaenda ndani kuwaletea viti, maana niliona shemeji bado hajamaliza, na miguu yangu isingeweza kumsikiliza nikiwa nimesimama.